Dole la Bi Sikudhani

Kama Ambokile, mkaguzi wa hesabu, asingeomba maji ya kunywa, huenda siku ile ingepita salama. Alikuwa ameketi mezani pa Mwalimu Isaya tangu saa tatu asubuhi, mafaili yamemzunguka, feni imeharibika, na joto la Misugusugu, Kibaha, mwezi wa pili halimwonei huruma mtu aliyevaa tai. Modesta, mke wa mwalimu, akamletea glasi ya maji ya baridi, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyomkabidhi mgeni yeyote. Dole gumba lake la kulia lilikuwa limebana kioo, na Ambokile akaliona kupitia kwenye maji, limekuzwa, likiwa na kovu jeupe lililolikata mshazari kuanzia juu hadi chini.

Akaiweka glasi mezani bila kunywa.

"Mama, samahani kukuuliza. Hilo kovu ni la siku nyingi?"

Modesta akacheka. Akaeleza kwa furaha ya mtu anayeulizwa habari za usichana wake kwamba alijikata na mundu akivuna mpunga kwao Shinyanga, akafungwa kipande cha kanga, na jioni ile ile akaendelea kuvuna. Alikuwa bado anasimulia Ambokile alipofungua faili la kijani na kumgeuzia orodha ya waliopokea msaada. Walikuwa wazee arobaini na watatu wa kijiji cha Kologombe, wilayani Kisarawe, kila mmoja na sembe kilo kumi, maharage kilo mbili na sukari kilo moja. Baadhi yao walikuwa wametia sahihi za kutetemeka. Wengine waliweka dole gumba, likatoka doa tu la wino. Lakini majina kumi na moja yalikuwa na madole safi kabisa, yenye mistari ya kuhesabika, na kila dole lilipitiwa na ufa mweupe wa mshazari.

Mkono wa Modesta ukajificha wenyewe ndani ya kanga. Hakuna aliyeuamuru. Ndivyo aibu inavyofanya, inatangulia mwili kabla akili haijapata la kusema.

Mwalimu Isaya Nyanda alitoka chumbani na bahasha ya stakabadhi za mafuta ya gari, akiwa na miwani puani na tabasamu la mtu aliyepata alichokuwa akitafuta. Alipowaona wawili wale kimya, tabasamu likabaki usoni likiwa halina kazi. Ambokile hakupandisha sauti. Alimwonyesha orodha, akamwonyesha madole, akasema taratibu kwamba hawezi kutia sahihi taarifa ya mwaka ya shirika ikiwa na karatasi kama ile.

"Wazee hao hawakuwepo siku ya ugawaji," Isaya akasema. "Mizigo yao ilichukuliwa na majirani. Sisi tulikamilisha karatasi tu."

"Mwalimu, hapa pameandikwa sahihi au dole la mpokeaji. Mama si mpokeaji."

"Ni utaratibu tu, Ambokile."

Isaya akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akafanya jambo ambalo Modesta, katika miaka thelathini na tatu ya ndoa, hakuwahi kumwona akilifanya. Akasema kwamba ile laki moja na nusu waliyokubaliana kwa kazi ya ukaguzi ni ndogo kweli, maisha yamepanda, na wangeweza kuitazama upya.

Ambokile akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyeona haya, kana kwamba ndiye aliyetoa ile ahadi.

"Mwalimu, wewe ulinifundisha hesabu darasa la tano," akasema. "Ulikuwa unatuambia tuonyeshe njia. Jibu bila njia ulikuwa unalipiga mkasi mwekundu, hata likiwa sahihi."

Kuku wa jirani aliingia hadi sebuleni, akadonoa chini ya meza, akatoka bila kufukuzwa na mtu.

Kabla ya kuondoka Ambokile aliwaachia njia moja. Fedha za shirika lao la Tuwaenzi Wazee zilichangwa na kikundi cha wastaafu wa Dar es Salaam, na wastaafu wale walikuwa na sharti moja ambalo Isaya mwenyewe alilisifu siku ya kusaini, kwamba kila mwaka taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wale wale waliosaidiwa, kisha ibandikwe ubaoni. Ambokile angefika Kologombe Jumamosi ya wiki inayofuata. Angeita majina moja moja. Kila atakayesema kwa kinywa chake kuwa alipokea angemwekea alama ya vema, na kosa la madole lingeandikwa kama uzembe wa karatasi. Wafadhili wangesamehe uzembe. Kisichosameheka ni mzigo usiomfikia mwenyewe.

Aliaga akiwa ameinama kidogo, kama mwanafunzi. Maji aliyaacha vile vile.

Sasa lisemwe lilivyokuwa, maana watu hawa wawili hawakuwa wezi wa kuvunja kabati.

Kosa la kwanza, miezi saba nyuma, lilikuwa kugawa msaada siku ya Ijumaa. Mwenye lori la Canter aliwapunguzia elfu arobaini wakikubali kwenda siku ya Ijumaa, na Isaya, mtu wa kanisani, mtu wa bara, akaona elfu arobaini zikiokolewa kwa ajili ya maskini. Akampigia simu Jumbe, mwenyekiti wa kijiji. Jumbe akasema, "Sawa mwalimu, hakuna neno." Neno lilikuwepo. Ijumaa ile wazee walikuwa na sala, na baada ya sala palikuwa na maulidi kijiji cha pili. Lakini nani amwambie mwalimu anayeleta unga kwamba siku yake haifai? Mtu anayepewa hachagui siku. Wakanyamaza kwa heshima, na mchana gari lilipofika, wazee kumi na mmoja hawakuwepo.

Kumi wakachukuliwa mizigo na majirani, ikawafikia yote. Wa kumi na moja alikuwa Bi Sikudhani, ajuza anayeishi peke yake mwisho wa kijiji, karibu na mashamba ya mihogo. Hakuwa na jirani wa kumbebea. Dereva alikuwa anapiga honi. Mfuko wake ukarudi Kibaha kwa nia njema kabisa, ukawekwa nyuma ya kochi la sebuleni, upelekwe wiki ijayo.

Wiki iliyofuata ndipo alipokuja kaka yake Isaya kutoka Shinyanga kutibiwa macho, na mkewe, na vijana wawili wa kumsindikiza. Siku ya tatu debe la unga likagonga chini. Pensheni ilikuwa bado siku tisa. Modesta alisimama mlangoni mwa jikoni akamtazama mumewe, na mumewe akatazama nyuma ya kochi.

"Fungua ule," Isaya akasema. "Tutanunua mwingine mwisho wa mwezi."

Wakaula. Wageni wakasifu ugali. Maharage yakaisha, sukari ikanywewa kwenye chai, na mwisho wa mwezi pensheni ilipoingia likatokea bomba lililopasuka, kisha mchango wa harusi, kisha wakasahau. Tuseme wazi, hawakusahau. Walizoea kutolikumbuka. Na karatasi ilipohitaji kukamilika, Isaya aliisukuma mezani pamoja na kidau cha wino, akaenda kuangalia taarifa ya habari, na Modesta, mweka hazina wa shirika, akabonyeza dole lake mara kumi na moja. Alipofika kwenye jina la mwisho mkono ulisita. Kisha akabonyeza.

Binti yao Selina aliambiwa habari hiyo jioni alipotoka kazini. Selina alikuwa na kibanda cha kutuma na kupokea pesa kando ya barabara ya Morogoro, na pia alisajili laini za simu. Aliitazama picha ya orodha ambayo baba yake alikuwa ameipiga kwa simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaguna.

"Mama, hata mimi ningewakamata. Wazee wa shamba mashine ya alama za vidole inawakataa. Naweza kukaa na bibi mmoja nusu saa, namfuta kidole, nampaka mafuta, wapi. Jembe limekula mistari yote. Nyinyi mmewawekea madole ya mtu anayekaa ofisini."

"Mama yako hakai ofisini," Isaya akasema.

"Kwa hiyo ndo tunabishana hilo, baba?"

Isaya akamwambia aende akaoge. Msichana wa miaka ishirini na sita akaenda kuoga, na alipokuwa anapita nyuma ya mama yake alimgusa bega kidogo tu. Modesta aliona afadhali angetukanwa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumapili kanisani Modesta aliitwa kama kawaida kwenye meza ya kuhesabu sadaka, akasema kichwa kinamuuma. Mzee wa kanisa akamwombea kichwa. Jumatano alikwenda kununua sembe kilo kumi, maharage na sukari, lakini hakwenda kwa muuzaji wake wa siku zote aliyezoea kumuuliza kama kuna wageni. Alikwenda dukani mbali, akalipa elfu ishirini na tisa, akaurudisha mfuko pale pale nyuma ya kochi. Ulikuwa mfuko wa rangi ile ile. Usingejua kama ule wa kwanza uliwahi kuondoka.

Isaya naye alikuwa na mpango. Alimpigia Jumbe, akaongea naye akiwa uani, akizunguka kisima. Aliporudi ndani uso ulikuwa umetulia.

"Jumbe atamwambia Bi Sikudhani aitikie. Aseme amepokea. Tukimaliza mkutano tunampa mzigo wake pembeni, kimya kimya. Hapo si atakuwa amepokea kweli?"

"Atakuwa amepokea baada ya kusema amepokea," Modesta akasema.

"Tofauti ni nusu saa."

"Tofauti ni miezi saba, baba Selina."

Isaya akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma zaidi, kwamba wazee arobaini na watatu watakosa chakula mwaka mzima kwa sababu ya mfuko mmoja. Alitaka? Hakutaka. Alitaka jina la mumewe lifutike, watu wa Kologombe waseme wale Wasukuma walikuja kula jasho la wazee? Hakutaka. Basi. Modesta akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa kukubali.

Jumamosi walikodi gari la Noah hadi Kologombe kupitia njia ya Mlandizi, elfu sitini kwenda na kurudi, zaidi ya mara mbili ya bei ya kile walichokuwa wanakificha kwenye buti. Ambokile alikuwa ametangulia na pikipiki. Mkutano uliwekwa barazani pa ofisi ya kijiji, viti vya plastiki kwa wageni, mabenchi ya shule kwa wazee, na vijana wachache wamesimama ukutani wakichezea simu. Isaya alisalimiwa kwa heshima zote. Mzee mmoja aliinuka kwa taabu kumpa mkono. "Mwalimu wetu," akasema, na Modesta akaangalia chini.

Isaya alisoma taarifa. Alisoma vizuri, kwa sauti ile ya darasani, mapato yaliyoingia, gari, mifuko, gharama za benki, salio. Wazee walisikiliza kama wanavyosikiliza hotuba yoyote, kwa adabu, wakisubiri ya kwao. Kisha Ambokile akasimama na orodha, akaeleza kwamba atamwita kila mtu, na kila mtu aseme kama alipata au hakupata, asiogope.

Majina yakaanza. "Nimepata." "Nimepata, Mungu awazidishie." "Alinichukulia Shomari, nilipata." Kalamu ya Ambokile ilikuwa inatembea. Isaya alianza kupumua. Modesta aliweka mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

"Sikudhani Husseini."

Ajuza mmoja mwembamba aliinuka benchi la nyuma, akishika bega la mwenzake. Alikuwa amevaa kanga mpya, doti bado ina ukakamavu wa dukani, ya kuazimwa bila shaka. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu.

"Mie bado," akasema. "Siku ile nilikuwa maulidini. Niliporudi nikaambiwa gari limeondoka. Nikasema litarudi. Nangojea."

Alisema bila lawama yoyote, kama mtu anayeulizwa kama mvua imefika kwake. Miezi saba alikuwa anangojea. Jumbe akakohoa.

"Bi Sikudhani," akasema Jumbe, "juzi tumezungumza. Ulipokea. Umesahau."

"Tumezungumza lini?"

"Juzi, nyumbani kwako. Nilikwambia habari za mwalimu."

"Uliniambia niitikie. Hukuniambia nimepokea."

Vijana ukutani wakacheka. Mmoja akasema bibi mtandao umekata, wenzake wakacheka zaidi, na hata wazee wawili watatu wakatabasamu, maana ni rahisi kumcheka mzee mwenzako kuliko kumtazama usoni mtu aliyeleta unga. Jumbe naye akacheka, akamgeukia Ambokile, akazungusha kidole karibu na kichwa. Umri huo, akasema. Wiki iliyopita alipotea njia ya kisimani.

Bi Sikudhani aliwasikia. Akageuza uso upande wa cheko, kisha upande wa viti vya plastiki walipokaa wageni, akitafuta kwa jicho lake zima uso wa mwalimu. Isaya alikuwa anatazama makaratasi. Na hapo yule ajuza akafanya jambo la heshima ambalo hakuna mtu pale aliyelistahili. Akaamua kuwaondolea aibu kwa kuibeba yeye.

"Basi nitakuwa nimesahau," akasema. "Niandikeni. Nimepokea. Akili yangu siku hizi..."

Akaanza kuketi.

Ambokile alishika kalamu bila kuandika. Alimtazama Isaya, mwalimu wake wa hesabu, na Isaya akaitikia kwa kichwa kidogo sana, macho bado yako kwenye karatasi. Kalamu ikashuka.

"Usiandike," Modesta akasema.

Alikuwa amesimama. Isaya akamshika ukingo wa kanga, akavuta kidogo, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuwa ibada bado haijaisha. Modesta akaivuta kanga ikamtoka mkononi.

"Bibi hajasahau kitu. Akili yake ni nzima kuliko ya kwangu. Hakupokea." Akainua mkono wa kulia, dole gumba juu, akaligeuza kovu liwaelekee. "Dole lililo kwenye jina lake ni hili. Niliweka mimi, nyumbani kwangu Kibaha, mezani. Na hayo mengine kumi, ya wale waliobebewa mizigo na majirani, niliweka mimi."

Hakuna aliyecheka. Kijana wa mtandao alikuwa ameweka simu mfukoni.

"Sasa mzigo wa bibi uko wapi?" akauliza mzee yule aliyeinuka kumpa mwalimu mkono. Aliuliza kwa kutaka kujua tu, na ndiyo maana swali lilikuwa gumu.

Modesta alikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema ulipotea, ulioza, panya. Angeweza kusema uko kwenye buti la gari, na usingekuwa uongo kamili. Akajua kwamba akianza kulia watamwonea huruma yeye, na huruma ile atakuwa ameiiba pia.

"Tuliula," akasema. "Tulipata wageni, unga ukatuishia, tukaula."

Wengi wao pale waliwahi kuishiwa unga wageni wakiwa ndani. Wanawake hasa walilielewa jambo hilo upesi, na wakainama. Mzee yule alitikisa kichwa taratibu, akaangalia kiganja chake cha mkono kana kwamba anakitafutia mahali pa kukiweka.

Mwalimu Isaya aliketi bila kusogea. Baadaye watu wa Kologombe walisimulia kwamba mwalimu alilia, lakini hakulia. Alikunja karatasi za taarifa mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka hazikukunjika tena, akabaki amezishika mkononi. Ambokile akaandika mstari mmoja, kwamba hakupokea, mbele ya jina la Sikudhani Husseini, akakohoa, na kuendelea na jina lililofuata, maana yalikuwa yamebaki majina kumi na mawili, na kila mwenye jina alikuwa na haki ya kuulizwa.

Mkutano ulipokwisha, nakala ya taarifa aliyokuwa nayo Ambokile ikabandikwa ubaoni kwa gundi ya ugali aliyoikoroga mke wa Jumbe, pamoja na orodha yenye mstari ule. Hakuna aliyekuja kumpa mwalimu mkono. Aliondoka barazani peke yake, akaenda kukaa ndani ya Noah, kiti cha mbele, vioo vimepandishwa, na jua lile. Ambokile alimwambia Modesta asichoweza kumficha, kwamba lazima aandike yote, na kwamba wastaafu wa Dar es Salaam huenda wakasimamisha michango mpaka shirika lipate viongozi wengine. Huenda wakasimamisha kabisa. Hakujua.

"Andika, mwanangu," Modesta akasema. "Na ile habari ya kuitazama upya laki na nusu, hiyo nayo andika."

Ambokile alitazama upande wa gari. "Hiyo sikuisikia vizuri, mama," akasema, akavaa kofia ya pikipiki.

Modesta akauchukua mzigo kwenye buti, akaubeba kichwani hadi kwenye benchi la nyuma ambako Bi Sikudhani alikuwa bado ameketi, akingoja watu wapungue ili atembee taratibu bila kusukumwa. Alipiga magoti chini, kwenye vumbi, kama anavyopiga kwa wakwe zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuomba radhi. Huu ni mzigo wako. Umechelewa."

Bi Sikudhani aliupapasa mfuko, akaukuta una mshono mzima, akapapasa na ule wa maharage, na wa sukari. Modesta alikuwa akingoja neno, la kusamehewa au la kutukanwa, lolote angelipokea. Ajuza hakutoa hata moja. Alivuta kanga yake ya kuazima mabegani.

"Karatasi iko wapi?" akauliza.

"Karatasi gani, bibi?"

"Ile ya kuweka dole. Mie siondoki na kitu cha watu bila kuweka dole. Wasije wakasema nimeiba."

Modesta alitaka kumwambia hakuna haja. Kisha akaelewa kwamba haja ipo, na kwamba ndiyo haja peke yake iliyobaki pale barazani. Akamkimbilia Ambokile kabla pikipiki haijawaka. Wakarudi pamoja na karatasi nyeupe, na Ambokile akaandika jina, mzigo, tarehe ya siku ile na si nyingine yoyote. Modesta akatoa mkobani kidau cha wino, kile kile cha nyumbani, akakifungua. Akaushika mkono wa ajuza, mwepesi, mgumu kwenye kiganja, akalichovya dole gumba na kulibonyeza juu ya mstari.

Lilitoka doa tupu, duara la wino lisilo na hata uzi mmoja wa mstari. Wakajaribu mara ya pili pembeni, likatoka vile vile.

"Limetoka?" Bi Sikudhani akauliza, ameinamisha jicho lake zima karibu na karatasi.

"Limetoka, bibi."

"Soma basi jina."

Modesta akalisoma, Sikudhani Husseini, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wale waliokuwa bado mbele ya ubao. Ajuza akafuta wino kwenye kona ya mfuko wa unga, akasimama, na kuuliza ni nani anayeelekea upande wa mihogo amsaidie kubeba. Modesta akasema anaelekea yeye. Dereva wa Noah alikuwa anapiga honi. Akauweka mfuko kichwani, akatembea nyuma ya Bi Sikudhani, kwa mwendo wa Bi Sikudhani.